Bangili ya Daktari Semeni

Tangu sheria imtake kila mtu avae bangili ya kupima moyo, watu waliacha kujuliana hali. Ya nini, na mkono unasema wenyewe? Kijani mzima, njano kachoka, nyekundu mgonjwa. Aliyeibuni, Daktari Semeni, bingwa wa moyo, alimalizia ujana wake maabarani, na vifo vya ghafla vikabaki masimulizi.

Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akaifunika bangili yake kwa ncha ya kanga, akaketi karibu na mumewe. Akangoja.

Mzee Shekue alimtazama mkononi, akakunja uso.

“Mama Zaina, hebu toa hiyo kanga. Sasa nitajuaje kama u mzima?”

“Si uulize.”

Mumewe akaangaza macho sebule nzima.

“Nimuulize nani?”