Uzi wa Tanurini

Katika mji mkuu ule, ramani ya treni za chini ya ardhi haikuchapwa kamwe. Kila nyumba iliidarizi kwenye kitambaa cha sebuleni, na kila mwaka mjumbe wa mtaa alipita na orodha ya vituo vya kufumua. Kituo kikishafumuliwa, treni haisimami tena, wakazi wake hawatajwi, na abiria wanaokipita huinamisha vichwa.

Bi Mwanasha alishafumua vinane. Cha kwanza kilikuwa cha wale waliogoma kiwandani, akasema walijitakia.

Mwaka huu mjumbe alisoma, "Tanurini."

"Tanurini anakaa binti yangu. Si juzi tu Msinune kaniletea mchele, ukamwona?"

"Nani?" mjumbe aliuliza, macho sakafuni. "Fumua, mama. Usinitie matatani."

Akafumua. Uzi ulitoka kirahisi, maana aliyeudarizi ni Msinune mwenyewe, akiwa darasa la nne.

Kesho yake alipanda treni ili walau amwone. Tanurini ilipokaribia, taa zilikuwa zinawaka na watu wamejaa ukingoni wakipunga mikono. Treni haikupunguza mwendo. Abiria wakainama. Bi Mwanasha naye, kwa mazoea ya miaka yote ile, akajikuta ameinama, na alipoinua kichwa nje palikuwa giza.