Chupa Mbili za Mawese

Skolastika alifunua kanga, akaikamata chupa ya kulia, akaitikisa kwa mikono miwili mpaka mabega yakamuuma. Mafuta mekundu yaliyokuwa yameelea juu yakarudi ndani ya maji, yakawa krimu laini tena. Akaifunika haraka. Nje, mumewe alikuwa anafungua geti, ametoka misa ya asubuhi.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Mumewe, Mwalimu Leonardi, mwalimu mstaafu wa kemia, alikuwa ameshika jambo moja: mawese ya Kigoma yanaweza kuwa krimu ya ngozi isiyojitenga, bila dawa za dukani. Siri ilikuwa gesi, ile ile inayotoa povu kwenye soda. Aliazima mtungi kwa Jeremia mwenye mashine ya soda, akachomelesha chungu kizito cha chuma, akawa anaishindilia gesi humo mpaka mafuta na maji yashikane. Mtaa mzima wa Katubuka ulimcheka. "Mwalimu, mawese yameshatii?" jirani yao Yunisi alimuuliza kila alipopita.

Mwaka juzi, sabuni yake ilipoharibika, Leonardi alilala mwezi mzima ameugeukia ukuta. Skolastika alimlisha uji kwa kijiko. Hakutaka kuuona mwezi kama ule tena.

Ndiyo maana, mumewe alipoweka chupa mbili rafuni zikae siku kumi na nne, yeye alichungulia. Ya kushoto ilikuwa imetulia. Ya kulia, asubuhi ya kwanza tu, mafuta juu, maji chini. Leonardi alikuwa na sheria yake: jaribio halichunguliwi ovyo, linaangaliwa mara moja kwa siku, baada ya misa. Basi kila alipokwenda kanisani, mkewe alitikisa.

Jambo hilo lilimtafuna. Jumapili mbili alishindwa kwenda kupokea komunyo, akabaki nyumbani kwa kusingizia mgongo. Miaka thelathini na minne ya ndoa, leo anamdanganya mume kwa chupa! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilimchosha kama kupanda mlima na ndoo kichwani. Na Leonardi alizidi kuwa kimya kila alipozitazama, hata Skolastika akaogopa kwamba ameshajua.

Siku ya kumi na nne alitikisa mara ya mwisho, akakaa jikoni kungoja shangwe. Leonardi aliingia, akafunua kanga, akatazama muda mrefu. Akaandika kwenye daftari lake, akatoka bila kunywa chai.

Alirudi mchana, akaketi kwa uzito.

"Mtungi nimemrudishia Jeremia," alisema. "Na kile chungu nimempa fundi atengenezee majiko. Ameshakikata."

Skolastika aliinuka.

"Baba Bariki! Kwa nini? Si zote mbili zimekaa vizuri?"

"Ndiyo balaa lenyewe, mama Bariki. Gesi niliitia ya kushoto peke yake. Ya kulia niliikoroga kwa mwiko tu, nione itakavyojitenga. Kama nayo haikujitenga, gesi ya nini?"