Rangi ya Mikeka

Kuku alimdona kifaranga wa kwanza kichwani, akamdona na wa pili, ndipo Mwanaima akajua amefanya kosa.

Kipanga hagusi kifaranga mwenye rangi. Kila mwanamke wa Ujiji anajua hivyo. Basi asubuhi ile alichukua rangi ya zambarau iliyobaki sufuriani baada ya kuutia rangi ukindu wa kusukia mikeka, akawachovya vifaranga wote. Sasa mama yao alikuwa akiwatazama kama watoto wa jirani, nao wamelowa, wanatetemeka kwa upepo wa ziwani.

Na juu ya paa la makuti, kipanga alikuwa ameanza kuzunguka.

Mwanaima hakungoja ushauri. Alimkamata kuku kwa mbawa, akamzamisha sufuriani hadi shingoni.

"He! Na huyo tena amekosa nini?" mumewe akauliza kutoka barazani.

"Hajakosa kitu, Mzee. Ni ujamaa tu. Wote sawa."

Kuku alitoka na hasira zake, akajikung'uta, akatanua mbawa zinazochuruzika zambarau, akaita. Vifaranga wakamkimbilia na kujipenyeza chini yake, naye asimdone hata mmoja. Mzee alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Mwanaima aliinama kuokota sufuria, mikono yake zambarau hadi viwikoni. Kivuli cha kipanga kikapita uani. Kifaranga mmoja aliyebaki nyuma akapiga mbio, akajichomeka chini ya kiganja cha Mwanaima, kana kwamba ni bawa la mama yake.

Kipanga akaenda zake. Mwanaima alikuwa bado ameinama, kiganja kimemfunika kifaranga.