Mke wa Diwani

Taa nyekundu ya studio ilikuwa bado haijawaka. Tunu, msomaji wa habari wa redio, aliitazama tena karatasi aliyopewa: "Mke wa diwani auawa na mumewe. Wivu wa mapenzi watajwa."

"Kwani hana jina?" akauliza.

"Dada Tunu, soma kilichoandikwa," mhariri alimjibu kupitia vipokea sauti. "Anayejulikana mjini ni diwani."

Nywele ambazo Tunu alisukwa na marehemu Jumamosi zilikuwa bado zinambana kichwani.

Taa ikawaka.

"Msusi Mwantumu Kilindo ameuawa," Tunu alisema. "Mumewe, ambaye ni diwani, anashikiliwa na polisi."

"Wewe! Soma karatasi!" mhariri alimfokea masikioni.

Tunu akavivua vipokea sauti polepole, visije vikafumua hata msuko mmoja, akalitaja jina kwa mara ya pili.