Mbigili za Bi Thuwaiba

Yusra alipotaka kuinuka, bakora iligonga sakafu ya baraza.

"Kaa hapo hapo!" Bi Thuwaiba alifoka. "Nani kakwambia ushamaliza? Na ile pale ukutani si mbigili?"

"Naam, mama."

Yusra alirudi kupiga magoti juu ya gunia, akachomeka kisu ardhini kutafuta mzizi.

Upande wa pili wa ukuta mfupi, Shemsa alisimamisha cherehani yake. Alikuwa fundi wa nguo pale Mbweni, na dirisha lake lilitazama moja kwa moja kwenye uwanja wa jirani. Tangu Yusra aolewe nyumba ile, Shemsa alikuwa akiona jambo lile lile: mtoto wa watu yuko juani, kavaa mikono mirefu kwa ajili ya miba, anang'oa mbigili kwenye ukoka, na mkwewe kakaa barazani, kaupa mgongo mlango, anamsimamia kama mnyapara.

Kazi yenyewe haikuwa na huruma. Mbigili hutambaa chini kwa chini ndani ya ukoka, na kijiua chake cha manjano humdanganya mtu. Ukiikata juu, inarudi. Lazima uchimbe mpaka mzizi mkuu kabla haijazaa, uitie ndooni bila kuikung'uta, kwani vijitunda vyake vyenye pembe hudondoka vikaota upya. Kisha upande ukoka kila penye upara, ardhi isibaki wazi. Vidole vya Yusra vilikuwa vimejaa matundu.

Na daima alipangiwa upande wa ukuta wa Shemsa, au ule wa njiani, ambako kila apitaye alimwona. Shemsa aliona dhahiri nia ya kizee yule: kumdhalilisha mkwewe mbele za watu.

Siku hiyo hakuvumilia. Alitoka nje, tepu ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Bi Thuwaiba, huyo ni mke wa mtu, si punda."

"Shona nguo zako, Shemsa. Kwangu huna mshono."

"Basi nitamwambia mwanao."

Bi Thuwaiba aliinuka kwa tabu. Tangu alipoanguka chooni, hakuweza kusimama bila ya bakora. Aliburura mguu mpaka ukutani, macho yamemtoka.

"Thubutu," alisema kwa sauti ya chini. "Umwambie Nadir neno moja tu, mimi na wewe hatuzikani."

Nadir alifanya kazi hoteli moja huko Kendwa, akirudi nyumbani siku zake za mapumziko, na siku hizo mbigili za Bi Thuwaiba hazikuwa na mwisho. Mtaa mzima ulimsifu kwa adabu zake. Alasiri ile aliingia na mfuko wa zabibu mkononi.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, baba. Pole na safari."

"Nshapoa." Akageukia uwanjani. "Bimkubwa, mwachie mke wangu jamani. Yusra, njoo ndani, jua kali."

"Haji ng'o!" Bi Thuwaiba alipiga ukelele mpaka wapita njia wakageuka. "Ataingia akimaliza. Mwenye nyumba hii ni mimi!"

Nadir alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaingia peke yake. Yusra hakuinua uso. Alizidi kuchimba pale pale alipokwisha kuchimba. Maskini, Shemsa alijisemea, anavyomwogopa kizee huyu!

Jua lilipopungua, uwanja ulikuwa umetakata. Ukoka ulilala kijani kitupu, hata mwiba mmoja haukuonekana. Shemsa alifurahi kana kwamba kazi ni yake. Angalau sasa binti atapumzika.

Asubuhi yake, alipofungua dirisha, alimwona Bi Thuwaiba uwanjani peke yake, ndoo ya vijitunda vikavu vya mbigili kaitundika kiwikoni. Alichota konzi, akaimwaga kwenye ukoka. Akachota tena. Kila alipomwaga, aliikandamiza kwa ncha ya bakora mpaka ikazama.

Shemsa alihisi damu inachemka. Alingoja. Yusra alipotoka na gunia lake, na Nadir akaja nyuma yake, Shemsa alimwita Nadir ukutani.

"Mama yako anampandia mkeo mbigili. Anazimwaga kwa mkono wake, ili kazi isiishe. Nimemwona kwa macho yangu."

Tabasamu la Nadir lilififia polepole.

"Anazipanda mwenyewe?"

"Wallahi."

Nadir aliutazama uwanja, kisha baraza, kisha mama yake.

"Ahsante sana, Bi Shemsa," alisema. "Kumbe ndiyo maana."

Alimshika Yusra kifundo cha mkono, akamwongoza kuelekea mlangoni. Bi Thuwaiba aliitupa bakora, akajirusha mbele yao, akaweka mikono yote miwili kwenye miimo ya mlango.

"Hapiti! Uwanja haujaisha! Majirani, njooni muone!"

Shemsa alishaparamia ukuta. Alimkamata Bi Thuwaiba mabega, akamvuta pembeni kwa nguvu zake zote.

"Mwache aende na mumewe! Ushamtesa vya kutosha!"

Kizingitini Yusra aligeuka, akamtazama Shemsa. Kisha mlango ukafungwa, na komeo likasikika likipita ndani.

Shemsa alihema, moyo umemjaa ushindi. Bi Thuwaiba alichopoka mikononi mwake, akaanguka mlangoni, akawa anaupiga kwa viganja vyote viwili.

"Nadir! Fungua, mwanangu!" alilia. "Mwache mtoto wa watu! Nipige mimi, kama siku zote!"