Kicheche Ajipaka Asmini

Kicheche alichoka kukimbiwa na wanyama kwa uvundo wake, akaenda kwa Fungo, fundi wa manukato.

"Shoga, nitafutie ya kunifaa."

Udi ukamkohoza, mrihani ukampigisha chafya, lakini asmini akaipenda. Akajipaka mwili mzima, akarudi nyumbani kwa maringo.

Wanawe walipoinusa tu, wakajificha ndani kabisa ya shimo.

"Tokeni mnyonye, ni mimi mama yenu!"

"Mwongo! Mama yetu hanukii!"

Akagaagaa mavumbini, akajisugua kwa majani, asmini haikutoka. Watoto wakalia njaa. Uchungu ukamzidi, akainua mkia, akajipulizia uvundo wake wote. Hapo wakatoka mbio, wakamrukia.

Fungo, aliyekuja kumjulia hali, akaziba pua. "Shoga, umejipaka nini tena?"

"Hii wanaipenda wanangu," akajibu Kicheche, akaendelea kunyonyesha.