Nyumba Iliyoota Ndevu

Chini ya jabali palikuwa na nyumba ya matope matupu, aliyoijenga babu yake Mbayuwayu, na kila ndege aliyepita aliisifia. Siku moja Mbayuwayu alimwalika jirani yake, Bi Mnana, wa ukoo wa ndege wasukao viota vya majani, aje kuitazama. Mnana, kama wafanyavyo wanawake wa kwao kabla ya kukubali kiota, aliishika kwa mdomo akaitikisa. Bonge la udongo likadondoka.

"Umebomoa nyumba ya babu!" Mbayuwayu alifoka.

"Sijabomoa, shemeji. Nimeiuliza tu. Siku ardhi itakapoiuliza, haitatumia mdomo mdogo kama huu."

Akafukuzwa. Lakini mke wa Mbayuwayu, aliyekuwa akiatamia mayai mle ndani, alimkimbilia. "Dada, rudi utikise kila mahali. Mimi ndiye ninayelala humo."

Basi Mnana akatikisa, na kila palipomeguka mama yule alikandika upya kwa matope yaliyochanganywa na majani makavu marefu. Mumewe alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba ya babu imeota ndevu!"

Ardhi ilitetemeka asubuhi moja, makinda wakiwa bado hawajui kuruka. Nyumba za majirani pale jabalini, za matope matupu, zilianguka zote. Ile yenye ndevu ilipata ufa, ufa ukafika kwenye majani ukakomea hapo, na makinda wakaendelea kudai chakula.

Siku hizi mgeni akianza kuisifia, Mbayuwayu humkatiza.

"Sifa baadaye," husema. "Kwanza shika hapa, uvute kwa nguvu zako zote."